Kijiji Kilichoshika Nafasi ya Kwanza

Mwezi uliopita ofisi moja ya chuo nilichosoma, ambayo bila shaka haisomi majalada ya ofisi nyingine, iliniandikia barua yenye heshima zote, ikiniomba niende kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna shahada ya sayansi ya mazingira inavyomfikisha mtu kwenye ajira. Nilitakiwa kuzungumza kwa dakika ishirini, kuonyesha picha, na kutaja "changamoto mbili au tatu ulizozishinda". Nilikaa na barua hiyo siku nne katika chumba changu cha kupanga huko Sekei, mjini Arusha, nikijaribu kuzihesabu changamoto nilizozishinda, na kwa kuwa taaluma yangu hainiruhusu kutaja idadi nisiyoweza kuithibitisha, nilijibu kwamba ningekuwa safarini kikazi. Sikuwa na safari yoyote. Yafuatayo ndiyo ningewaambia wanafunzi hao, endapo chuo kingekubali yasikike.

Kazi niliipata kwa sababu nilikosea. Kosa lenyewe lilipitia hatua zote ambazo kazi ya kisomi hupaswa kupitia: lilisimamiwa, likatetewa, likapongezwa, likapigwa muhuri. Baada ya hapo lilibaki jambo dogo moja, nalo ni kwamba kijiji kilichonilea kingekosa maji salama kwa sababu yake.

Kijiji hicho kiko kwenye mteremko wa Mlima Meru, juu kidogo ya Nkoaranga, kwenye njia za miguu ambazo mvua ikinyesha humshusha hata asiyekusudia kushuka. Nililelewa huko na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Maji tuliyokunywa yalitoka kwenye chemchemi na mfereji. Yalikuwa baridi, matamu, na yamebeba floraidi kutoka kwenye miamba ya mlima. Floraidi kidogo huyafaa meno. Ikizidi huyatia ukahawia kama kikombe cha chai kisichosuguliwa, na mtoto akiendelea kuinywa humpinda mifupa ya miguu. Mtu wa kwetu hahitaji kitambulisho. Nilipokwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya vitendo, dada wa mapokezi aliniuliza, "Wa Arusha wewe?" nikiwa bado katikati ya salamu.

Nilichagua sayansi ya mazingira kwa sababu hiyo, au ndivyo nilivyoandika kwenye fomu. Miaka mitatu ya shahada ya kwanza ilinifunza kulitumia neno "endelevu" popote palipo na nafasi ya kivumishi. Kila mwaka tulipelekwa kupanda miti kwenye kiwanja kile kile, nacho hakikuwahi kujaa, kwa kuwa miti ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekufa kwa utaratibu mzuri na kutuachia mashimo. Tulipiga picha. Nilihitimu nikiweza kuchora mzunguko wa maji duniani bila kutazama kitabu, na bila kujua mtu afanye nini bomba la jikoni likivuja.

Uzamili ulikuwa jambo zito zaidi. Wakati huo kulikuwa na mradi wa maji, wenye ofisi yake Themi, uliokuwa ukichagua vijiji vya kuvutiwa bomba kutoka kwenye chanzo chenye floraidi kidogo. Mradi ulihitaji vipimo vya kila kijiji. Chuo kilikuwa na wanafunzi waliohitaji mada za tasnifu. Pande hizo mbili zilipendana haraka. Kijiji ambacho maji yake yangeonekana mabaya kingeingia kwenye orodha. Ambacho maji yake yangeonekana salama kingeachwa. Niliomba nipewe kijiji chetu. Vitabu vya maadili ya utafiti huiita hali hiyo mgongano wa maslahi; msimamizi wangu aliiita kuokoa nauli.

Mpango wangu wa kukusanya sampuli ulikuwa na kurasa kumi na moja. Nilieleza kwamba watafiti wengi huchota maji kwenye chemchemi na kuyaita maji ya kunywa, ilhali mtu hanywi chemchemi. Hunywa kilichomo ndoo yake ya nyumbani, baada ya kukichota, kukibeba na kukihifadhi. Kwa hiyo kila kaya ingejaza chupa yenyewe, asubuhi, nyumbani kwake, bila mimi kuwepo, ili uwepo wangu usiathiri matokeo. Nilijivunia sana maneno hayo ya mwisho. Nikachukua chupa arobaini tupu zenye namba, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha kiasi kwamba hakuna aliyeisoma hadi mwisho, nikampelekea shangazi. Yeye ni mwenyekiti wa wanawake wa usharika, na kwenye jedwali langu nilimpa cheo cha Mratibu wa Jamii.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Hizi chupa za nini?"

"Za maji. Kila nyumba ijaze maji wanayokunywa. Nitazipitia Jumamosi asubuhi."

"Yanakwenda wapi?"

"Maabara, chuoni."

"Watayatazama wakubwa?"

"Wataalamu, shangazi."

"Si ndio hao hao." Aliigeuza chupa moja, akaisoma namba yake. "Na majina ya nyumba yataonekana?"

"Namba tu. Mimi peke yangu nitajua namba ipi ni ya nani."

"Kwa hiyo wewe utajua."

"Lazima nijue, ni kazi yangu."

"Haya, nimeelewa," akasema, na nikaona kweli ameelewa.

Nimeyarudia mazungumzo hayo kichwani mara nyingi, na nimebaini mahali pasipopungua sita ambapo mtu mwenye akili ya kawaida angeongeza sentensi moja ya ufafanuzi. Sikuongeza. Nilikunywa chai, nikashuka.

Jumamosi nilizikuta chupa zote arobaini zimepangwa barazani kwa shangazi, zimefutwa vumbi, kila moja imejaa hadi shingoni. Hakuna iliyopotea, hakuna iliyovuja, hakuna iliyorudishwa ikiwa na mafuta ya taa. Kwa yeyote aliyewahi kufanya utafiti vijijini, ukamilifu huo pekee ungetosha kumtia hofu. Mimi niliandika kwenye daftari: "Ushirikiano wa jamii ni wa kuridhisha mno. Sampuli ni angavu."

Maabara ilinipa majibu ya ajabu. Floraidi ilikuwa haba kabisa. Tena si floraidi tu: chumvi, chokaa, kila nilichokipima kilikuwa sawa kutoka chupa hadi chupa, kana kwamba kijiji kizima kinakunywa kutoka kwenye glasi moja. Chupa moja tu, namba kumi na tisa, haikufanana na zenzake. Nilirudia vipimo mara tatu. Nilishuku mashine, nikashuku dawa za maabara, nikamshuku fundi wa maabara, mtu mpole ambaye hadi leo hanisalimii vizuri. Sikushuku chupa. Baada ya kuwaondolea hatia wote hao, nilibakiwa na njia moja ya kisayansi, yaani kutunga nadharia.

Nadharia yangu ilisema kwamba chini ya kijiji chetu kuna tabaka la mawe mepesi ya volkano ambalo, likisaidiana na mizizi ya migomba ya karne nyingi, huchuja floraidi na kuyasawazisha maji kabla hayajafika kwenye chemchemi. Niliichora kwa rangi nne. Kwa ajili ya chupa namba kumi na tisa niliandika kiambatisho kizima, nikipendekeza kwamba kaya hiyo iko juu ya ufa mdogo wa miamba. Msimamizi wangu aliisoma sura hiyo kwa siku mbili, kisha akaniita ofisini, akavua miwani na kusema, "Hii ni mpya." Katika taaluma yetu hakuna sifa inayozidi hiyo.

Nikaenda kutetea tasnifu. Nilisimama mbele ya wasomi watatu, nikazungumza kwa dakika arobaini, mdomo wazi, nikithibitisha kwamba maji niliyokulia hayana madhara kwa meno. Walikuwa wananitazama usoni. Aliyesifika kwa ukali aliniuliza kwa nini jedwali la saba halikuwa na mistari ya wima. Mwingine alitaka kujua kama nadharia inaweza kutumika Kilimanjaro. Wa tatu alinitazama kwa muda, akafungua mdomo, akaufunga, akanywa maji yake. Nilipewa alama ya juu na marekebisho madogo. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki mbele ya kioo kwa uangalifu mkubwa, na sikuona lolote lililohusiana na tasnifu.

Ofisi ya Themi haikusubiri hata nimalize marekebisho. Mhandisi mkuu wa mradi, mzee mtaratibu anayewaita wasichana wote "binti" na kuwapisha mlangoni, alinikaribisha kwenye usaili kwa maneno haya: "Wewe ndiye uliyetupunguzia kijiji." Alisema kwa upendo. Bomba lilikuwa limefupishwa, kilima kimoja kigumu kimeondolewa kwenye michoro, na ripoti yenye jina langu ilikuwa juu ya meza yake imefungwa kwa jalada gumu. Nilipewa mkataba wa mwaka mmoja, kitambulisho cha kuvaa shingoni na cheo cha Afisa Mazingira. Hivyo ndivyo elimu ya chuo inavyomfikisha mtu kwenye ajira, na ningependa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waandike hapo.

Jumapili ya mwezi wa kwanza wa mshahara nilipanda kijijini kutoa sadaka ya shukrani, kama desturi inavyotaka. Mchungaji alinisimamisha mbele, akasema usharika umezaa mtaalamu. Kwaya ya wanawake iliimba beti zote, hata zile ambazo huwa wanaziruka. Baada ya ibada shangazi alinikalisha uani na wenzake watano wa kwaya, akagawa loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye mabakuli. Aliyeketi karibu nami alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, mwanamke mwenye ulimi ambao hata mwenyekiti wa kitongoji huukwepa. Alikuwa amempakata mjukuu wake wa kike wa miaka mitatu. Ndiye aliyeanza.

"Hebu mtoto wetu atueleze. Kijiji cha ng'ambo ya korongo wameshaletewa watu wa kupima njia ya bomba. Sisi vipi?"

Nilieleza, kwa sauti ya Afisa Mazingira, kwamba uchambuzi wa kina ulionyesha maji ya kwetu ni salama.

"Kwa hiyo tulikuwa wa ngapi?" shangazi akauliza.

"Wa ngapi katika nini?"

"Katika kupimwa. Si mlivipanga vijiji?"

Nilitafakari. Kwa floraidi kidogo kuliko wote, jibu sahihi lilikuwa moja. "Kwa namna fulani, mlikuwa wa kwanza."

Wakapiga vigelegele. Shangazi akawatazama wenzake mmoja mmoja, kama mtu aliyekuwa amebishiwa. "Niliwaambia. Sasa zawadi inakuja lini?"

"Zawadi gani, shangazi?"

"Bomba. Kama wale wa ng'ambo waliopeleka maji ya tope wamepata, sisi tuliopeleka ya dukani tutakosaje?"

Niliweka bakuli chini. Nilimwomba arudie, akarudia bila wasiwasi wowote, kwa sababu hakuona cha kuficha. Alikuwa amekwenda kwenye duka lililo karibu na hospitali, akanunua maji ya chupa kwa katoni kwa fedha za mfuko wa wanawake, akapita nyumba kwa nyumba na kumimina.

"Ulitaka tukupe ya mfereji?" akaniuliza. "Uende nayo mbele ya wakubwa, waseme huyu kumbe kwao wanakunywa pamoja na ng'ombe? Na ulisema mwenyewe kwamba utajua ya nani ni ipi."

"Mimi sikuchukua ya katoni," jirani akasema. "Sipendi kubebwa. Nilikinga ya mvua, nikayachuja kwa kanga mpya."

"Chupa yako ilikuwa namba ngapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kumi na tisa."

Nikaukumbuka ule ufa wa miamba, na rangi nilizouchorea.

"Kwani huko chuoni," jirani akaendelea, "mtu akiyaonja maji ya dukani hayajui?"

"Hatuonji, mama. Tunapima."

"Aa. Basi hapo sawa," akasema, na wenzake wakainamia mabakuli yao ili wasicheke mbele ya mtaalamu.

Nilipaswa kulitambua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Nilipokuwa mdogo, habari ikifika kwamba bwana afya anakuja kukagua nyumba, kijiji kizima kiligeuka kwa siku moja. Uwanja ulifagiliwa hadi mistari ya ufagio ikaonekana, kichanja cha vyombo kilisimamishwa, chooni kuliwekwa kopo la maji na kipande kipya cha sabuni. Bwana afya alipita, akaandika, akaondoka, na jioni sabuni ilirudishwa kabatini ndani ya karatasi yake. Hakuna aliyeuona huo kuwa uongo. Ilikuwa adabu: mgeni mwenye kalamu haonyeshwi mambo ya kila siku. Nami nilikuwa nimerudi nyumbani na kalamu, na jedwali, na ahadi ya kutokuwepo. Adabu hiyo hiyo iliwafunga midomo wasomi watatu waliokuwa wakinitazama meno. Nilikuwa nimezungukwa na watu wenye malezi mema kuanzia chemchemini hadi chumba cha utetezi.

Nikawaeleza basi, polepole, kwamba orodha ile ilipangwa kinyume: aliyepeleka maji mabaya ndiye anayepata bomba.

"Kwa hiyo tumejinyima wenyewe," shangazi akasema.

"Hapana. Mimi ndiye niliyewanyima."

"Wasomi hawa," jirani akasema. "Hata kosa hawataki tuchangie." Lakini hakuwa anatania tena. Alikuwa ameishika miguu ya mjukuu wake, mmoja kila mkono, kama mtu anayenyoosha nguo kabla ya kuianika. Miguu ilikuwa imeanza kupinda kwa nje chini ya magoti. Niliitazama kwa jicho la kitaalamu kwa sababu sikuwa na jicho lingine la kuitazamia.

Orodha ilikuwa ipelekwe kusainiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikishasainiwa, mabomba yangeagizwa kwa urefu ulioandikwa, na kijiji chetu kingebaki salama kwenye karatasi. Nilikuwa na siku kumi na mbili, na nilitumia kumi na moja kuandika barua ya kurasa mbili.

Rasimu ya kwanza ilisema, "Imebainika kwamba huenda baadhi ya sampuli ziliathiriwa na mambo ya kijamii." Niliisoma nikaona haina mtu ndani yake. Rasimu ya tatu ilikuwa na watu, lakini wote walikuwa wanakijiji. Ya tano ilikuwa na tanbihi saba. Katikati ya rasimu nilimpigia simu msimamizi wangu, nikamweleza kila kitu.

"Usiharakishe," akasema. "Kila utafiti una mipaka yake. Ongeza aya moja kwenye marekebisho, uiite mipaka ya utafiti."

"Daktari, ni chupa thelathini na tisa za maji ya dukani."

"Ndiyo. Mpaka huo."

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililonitesa. Aya moja ingetosha kuniokoa: ningebaki na shahada, na mkataba, na ukweli ungekuwa umeandikwa mahali ambapo hakuna mhandisi atakayefungua. Nilijadiliana na nafsi yangu kwa siku mbili kama kuandika ukweli ukurasa wa mia moja na nne ni kuusema au ni kuuficha, nikagawa karatasi sehemu mbili, hoja upande huu na hoja upande ule. Upande mmoja ulipozidi kwa hoja moja nilikwenda kuoga, nikarudi, nikaongeza ya kusawazisha. Alhamisi asubuhi karatasi ilikuwa imejaa. Nikaandika rasimu ya mwisho kwa sentensi fupi, nikaichapa, nikaenda nayo Themi kwa miguu ili nisifike mapema.

Mhandisi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akaisoma tena.

"Kwa hiyo tulipima nini, binti?"

"Maji ya dukani, mzee."

"Ya kampuni ipi?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hayo ni mazuri. Hata nyumbani kwangu tunakunywa hayo." Akaiweka barua mezani, akailinganisha na ukingo wa ripoti yangu. "Siku ya usaili nilikutazama meno. Nikajisemea, huyu atakuwa amekulia upande mwingine wa mlima."

"Nimekulia pale pale, mzee."

"Na hukusema."

"Hamkuniuliza."

"Ningekuulizaje mtoto wa watu habari za meno yake?"

Kila mmoja wetu alikuwa na adabu yake. Kisha akanieleza hali ilivyo, bila ukali. Barua ikibaki mezani kwake, orodha itasainiwa kesho kama ilivyo, nami nitaendelea na kazi. Kijiji kitafikiriwa katika awamu ya pili. Barua ikiingia kwenye jalada, orodha itarudishwa nyuma, ripoti itafutwa, chuo kitaarifiwa, na hawezi kuniahidi kwamba waliofurahia kile kilima kuondolewa watataka kuniona ofisini.

"Awamu ya pili ni lini?" nikauliza.

"Awamu ya pili ni maneno tu, binti."

"Basi iingie kwenye jalada."

Alichukua muhuri. Nikamwomba anirudishie barua kwanza. Nadhani alifikiri nimebadili nia, kwa maana alinipa upesi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilichomoa kalamu nikarekebisha aya ya pili, ambako nilikuwa nimeandika chupa arobaini. Zilikuwa thelathini na tisa. Moja ilikuwa ya mvua. Nikamrudishia, akapiga muhuri.

Waliofurahia kilima hawakutaka kuniona, kama alivyobashiri. Kitambulisho nilikirudisha kabla ya mwisho wa mwezi. Chuo kiliagiza tasnifu yangu irudi kuandikwa upya kuanzia sura ya tatu, na msimamizi wangu sasa ananiita "mwenzangu", neno ambalo hakuwahi kulitumia mambo yalipokuwa mazuri. Sampuli mpya zilichukuliwa na mwanafunzi mwingine, aliyechota mwenyewe kwenye chemchemi na kwenye ndoo za jikoni huku wenye nyumba wakimtazama kwa aibu. Majibu yake hayakuwa mapya hata kidogo. Kijiji kikarudi kwenye orodha.

Baada ya miezi michache mhandisi alinipigia simu. Mpima ardhi wake alikuwa amepigilia vigingi vya njia ya bomba kijijini kwetu mara mbili, na mara mbili vilikuwa vimetoweka. Alitaka mtu anayezijua njia na anayewajua watu, kwa malipo ya siku. Nikapanda pamoja na mpima ardhi huyo.

Vigingi vilikuwa jikoni kwa shangazi, vimeegeshwa ukutani kwa mpangilio, kutoka kikubwa hadi kidogo.

"Vimepita kwenye kahawa ya baba yako," akasema kabla sijamaliza shikamoo. "Wewe ndiye uliyewaleta. Waambie wapite kwingine."

Nilimweleza kwamba maji hufuata mteremko, na kwamba wakikwepa shamba itabidi bomba lipande, na likipanda halitafika kwa jirani wa ng'ambo wala kwa mjukuu wake. Nilichora kwenye vumbi kwa kijiti.

"Hesabu zako tumeshaziona," akasema.

"Hii siyo yangu, shangazi. Ni ya mpima ardhi."

"Hapo afadhali."

Tukatoka wote watatu hadi shambani, mpima ardhi akiwa na utepe wake, mimi nikiwa na daftari, shangazi akiwa amekumbatia vigingi. Njia ilihitaji kukata mibuni mitano, au minne kama mtu akiwa tayari kubana. Shangazi alitembea katikati ya miti kwa muda mrefu, akigusa shina moja, akirudi kwenye jingine, akizungumza kwa Kimeru kwa sauti ya chini ambayo haikutuhusu.

"Huu," akasema mwishoni. "Na huu. Na ile miwili ya kando imezeeka. Huu wa katikati hapana."

Nikaandika. Kisha nikamuuliza kama ana hakika na ule wa pili, kwa kuwa ulikuwa bado unazaa. Akasema ana hakika. Nikamuuliza kama anasema hivyo kwa sababu mpima ardhi amesimama pale, au kwa sababu mimi nimesimama pale, na kama angetaka tuondoke kidogo afikiri.

"Umeshaniuliza," shangazi akasema, na kumpa mpima ardhi kigingi cha kwanza.